Nimepewa makadirio ya jengo la upasuaji na wazazi kwa mara ya kwanza. Wakadiriaji majenzi mliofanya hospitali, nisaidieni

Mpimaji_Nyanda ameandika:

Shikamooni wakubwa, wenzangu salaam.

Mimi ni mkadiriaji majenzi, nimesoma Chuo Kikuu cha Ardhi, sasa niko kwenye ofisi ndogo ya ushauri huku Nyanda za Juu Kusini. Kazi zangu mpaka leo ni madarasa, mabweni, nyumba za watumishi na jengo moja la ofisi la ghorofa. Huko sina wasiwasi, nikipewa ramani najua pa kuanzia na pa kumalizia.

Sasa ofisi imepata kazi ya hospitali ya dayosisi. Wanataka jengo jipya ndani ya eneo lile lile ambalo hospitali inaendelea kutibu watu: vyumba viwili vya upasuaji, wodi ya wazazi, chumba cha watoto njiti, chumba cha eksirei, na mabomba ya hewa tiba ya oksijeni yatakayofika hadi wodi za zamani. Michoro ya msanifu ninayo. Ya umeme na mitambo iko nusu nusu. Orodha ya vifaa tiba sijaiona kabisa. Mshitiri, yaani mwenye mradi, anataka makadirio ya kupeleka kwenye kikao cha wafadhili, na bosi ameniambia nichukue bei ya mita ya mraba ya lile jengo la ofisi, nizidishe kwa eneo, halafu niongeze asilimia 20 kwa ajili ya "mambo ya hospitali".

Roho yangu inakataa. Hiyo asilimia 20 inatoka wapi? Mabomba ya oksijeni na kinga ya mionzi napimaje, maana sijawahi kuviona vikifungwa? Meza ya upasuaji na taa yake vinaingia kwenye BOQ (orodha ya kazi, vipimo na bei) au hospitali wananunua wenyewe? Na swali la mwisho, la maisha yangu mwenyewe: kazi za hospitali zinafaa kwa kijana anayetaka kujijenga kwenye fani hii, au nibaki na majengo ya kawaida?

---

Jembe_la_Saiti amejibu:

Mkuu, mimi niko upande wa mkandarasi, nakuambia tunavyoisoma BOQ yako.

Ukiandika mstari mmoja tu, "mabomba ya hewa tiba, jumla", kila mkandarasi ataweka namba yake kichwani. Mmoja ataweka bei ya mabomba ya shaba na vali zake, mwingine ataweka bei ya mabomba ya maji. Huyo wa pili atakuwa wa bei ya chini na atapewa kazi. Baada ya hapo ni barua kila wiki, nyongeza ya kazi juu ya nyongeza ya kazi, na mwisho hospitali inapata mfumo ambao hakuna mtu anayethubutu kuufungulia.

Tupimie. Mita ngapi, kipenyo gani, vituo vingapi vya kutolea hewa, vali ngapi, nani anafanya majaribio. Tukijua tunachouza tutakupa bei ya kweli.

---

Bi_Vipimo amejibu:

Marahaba mwanangu, na pole na presha ya kikao.

Nimefanya hospitali za serikali, za mashirika ya dini na za watu binafsi huku Kanda ya Ziwa kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi. Ninalotaka ulishike ni hili: gharama ya hospitali inajificha kwenye mpaka kati ya jengo na kifaa. Ukuta utaupima, umefundishwa. Kifaa kitanunuliwa, kina bei yake. Kinachowaumiza watu ni kile cha katikati, ambacho mkandarasi anadhani ni cha msambazaji na msambazaji anadhani ni cha mkandarasi. Wewe ndiye unayelazimika kuandika kila kitu kwenye mstari na kukipa bei, kwa hiyo ni wewe unayeweza kukikamata kabla zege halijamwagwa.

Tuanze na hiyo asilimia 20. Haitoki popote. Kwenye ofisi fedha nyingi imelala kwenye msingi, nguzo, kuta, paa na malizio, na umeme na maji vinafuata nyuma. Kwenye upasuaji mambo yanageuka: hewa, umeme, mabomba na vitu vya kufungwa ukutani ndivyo vinavyobeba gharama. Halafu inatofautiana mlango hadi mlango. Wodi ya wazazi na chumba cha upasuaji vinaweza kupakana ukuta, vikalingana ukubwa, na mita ya mraba ya kimoja ikaizidi ya kingine mara mbili au zaidi. Ukitoa wastani wa vyote viwili umepata namba isiyohusu chumba chochote. Kwa makadirio haya ya awali gawa jengo kwa aina za vyumba: upasuaji na vyumba vyake vya huduma, wodi, njiti, eksirei, ofisi na korido. Kila aina ipe bei yake. Hata kama bei zako ni za makisio, mfadhili akiuliza fedha inaenda wapi utakuwa na la kumwonyesha.

Kisha, kabla hujagusa vipimo vya kina, dai orodha ya vifaa kwa kila chumba. Usiambiwe itakuja baadaye. Hospitali za Uingereza zinagawa vifaa kwa makundi manne na mimi nimeuchukua mgawo huo kwa kuwa unafanya kazi popote. Kundi la kwanza mkandarasi ananunua na kufunga, mfano sinki za kunawia za daktari na paneli za nyuma ya kitanda. La pili mshitiri ananunua, mkandarasi anafunga. La tatu mshitiri ananunua na msambazaji wake anakuja kufunga, ila jengo lazima liwe limemwandalia nafasi, umeme, maji na mahali pa kubeba uzito. La nne ni vitu vya kubeba mkononi, haviligusi jengo. Chukua orodha, ukae na mganga mfawidhi na mhandisi wa vifaa tiba, na kila kifaa kiwekeeni namba ya kundi. Kila kitakachobishaniwa kwenye kikao hicho, jua kingebishaniwa saiti kwa gharama kubwa zaidi.

Hapo ndipo meza na taa zako zinapata jibu. Meza ya upasuaji ina magurudumu, mara nyingi hospitali hununua wenyewe, na kwako inabaki soketi tu. Taa ya upasuaji ni habari nyingine. Inaning'inia kwenye shina la chuma lenye mikono inayozungushwa kila upande, na uzito wote unabebwa na sehemu moja ya juu. Dari ya jipsamu haiwezi. Inatakiwa bamba la chuma lililofungwa kwenye zege au kwenye fremu ya chuma juu ya dari, kwa matundu ambayo msambazaji ametoa michoro yake, pamoja na nyaya zilizokwisha kupitishwa. Taa ni kundi la tatu, bamba ni la mkandarasi. Mradi mmoja niliouona, bamba halikuwa kwa yeyote. Taa zilikuja, dari imeshapakwa rangi, ikakatwa, chuma kikaingizwa kutoka darini huku mafundi wamelala kifudifudi juu ya mbao, halafu chumba kizima kikapakwa upya. Gharama ya bamba lenyewe ilikuwa ndogo. Kilichouma ni wiki ambazo akina mama wenye uzazi pingamizi waliendelea kupelekwa hospitali ya mkoa kwa gari.

Mashine ya kutakasia vyombo kwa mvuke nayo iangalie. Inataka umeme wa njia tatu, maji yasiyo na chumvi nyingi, na bomba la kutolea maji yanayotoka yakiwa ya moto sana. Ukimpimia bomba la plastiki la kawaida kama la sinki, litalegea. Andika bomba la shaba au la chuma kwa umbali mpaka maji yapoe, tena kwenye mstari wake peke yake ili mtu asilibadilishe bila wewe kuona.

Sasa toka ofisini. Nenda hapo hospitalini, mwombe muuguzi mfawidhi wa upasuaji akutembeze njia anayopita mgonjwa kutoka wodini hadi mezani na kurudi. Mimi hufanya hivyo kila mradi. Mara ya karibuni muuguzi alinishikisha upande mmoja wa kitanda, mwenzake akashika ule wa pili na mkono mwingine ukishika stendi ya dripu, tukasukuma. Kwenye kona fremu ya mlango ilikuwa imemeguka plasta kwa urefu wa goti, rangi yote imeondoka, matofali yanaonekana. Mlango ulikuwa wa mita moja na kidogo. Kitanda kilipita, sisi wawili hatukupita pamoja nacho. Siku hiyo niliporudi niliandika milango ya mita 1.5 yenye bawa kubwa na bawa dogo, mabamba ya kinga chini ya milango, na reli za kuzuia vitanda visigonge ukuta kwenye korido zote, kwa mita. Ramani haikuwa na reli hata moja.

Sakafu usiikubali kirahisi. Wengi wanataka vigae kwa sababu vinapendeza siku ya uzinduzi. Kwenye upasuaji na chumba cha kujifungulia viungo vya vigae vinanyonya damu na dawa, baada ya muda vinakuwa vyeusi na hakuna deki itakayoviondoa. Vinaili iliyochomelewa maungo ni nzuri, lakini inataka sakafu ya chini iliyonyooka na kavu kabisa, na inataka fundi anayeijua, ambaye huko ulipo huenda akasafirishwa. Terazo, yaani saruji yenye chembe za mawe, iliyosagwa vizuri inadumu, inarekebishika, na mafundi wake tunao. Nenda hospitali ya Bugando, Mwanza, iliyofunguliwa mwaka 1971, ukaangalie jengo la hospitali la enzi ile lilivyokusudiwa kudumu. Kwa vyovyote utakavyochagua, sakafu ipande ukutani kwa mviringo kama sentimita 10 ili pasiwe na pembe ya uchafu kukaa. Huo mviringo unapimwa kwa mita na una kazi nyingi ya mkono, usiufiche ndani ya bei ya sakafu.

Halafu kuna mambo ya nje, na hapa nitasema kwa uchungu. Vituo vya afya vile vilivyopewa milioni 400 na milioni 500 miaka ya 2017 na 2018, vikajengwa kwa fosi akaunti, yaani bila mkandarasi mkuu, na mafundi wenyeji, vimeokoa watu. Upasuaji umesogea karibu na vijiji, hilo halina ubishi. Lakini katika baadhi ya vile nilivyokagua majengo yalisimama kila moja kivyake, bila njia yenye paa ya kuyaunganisha, kwa sababu hakuna aliyeipima. Mama anatoka upasuaji kwenye mvua amefunikwa turubai. Kwa hiyo pima njia za kupitia vitanda, zenye paa na mteremko wa mita 1 kwa kila mita 12, zipige zege laini. Pima shimo la kondo la nyuma, lenye kuta imara, mfuniko unaofungwa na bomba la hewa, na hakikisha chini halifikii maji ya ardhini. Pima kichomea taka na shimo la majivu, matangi ya maji, mahali pa kufulia. Kwa msanifu hivi ni visanduku vidogo pembeni mwa ramani. Pasipo hivi wodi haifunguliwi.

Na kwa sababu unajenga ndani ya hospitali inayofanya kazi, gharama zako za maandalizi zisilingane na za shule. Vumbi la ujenzi linabeba kuvu ambayo mtu mzima mwenye afya anaivuta bila madhara, lakini mgonjwa ambaye kinga yake imeshuka inaweza kumuua. Andika kizuizi cha vumbi kinachofika hadi darini, mlango wa wafanyakazi usiopita wodini, kazi za kelele kwa saa zilizokubaliwa na matroni, na kuunganisha mabomba ya zamani na mapya usiku, mitungi ya akiba ikiwa tayari kando ya kila kitanda. Mkandarasi asipoyaona kwenye BOQ hatayafanya, na hatakuwa na kosa.

Ya mionzi na oksijeni nawaachia wenyewe wa vifaa. Yupo fundi mmoja humu namwamini.

---

Fundi_Vifaa_Tiba amejibu:

Bi Vipimo shikamoo, nimeitika.

Kijana, nianze na eksirei. Hakuna unene wa risasi (madini mazito yanayozuia mionzi) wa kunakili kutoka mradi wa jirani. Unategemea mashine ina nguvu gani, itapiga picha ngapi kwa wiki, na nyuma ya kila ukuta kuna nani. Ukuta unaotazama bustani na ukuta unaotazama foleni ya wajawazito havilingani. Mtaalamu wa mionzi atafanya hesabu, na Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, TAEC, ndiyo inayotoa kibali. Waone kabla hujajenga. Ukuta wa matofali ya kuchoma au zege uliojaa unaweza kutosha bila risasi kabisa. Tofali lenye matundu usilitumie hapo. Kama ukuta tayari upo na ni mwembamba, kuna plasta yenye bariamu, na hiyo ipime peke yake kwa mita za mraba na unene wake.

Mlango ndipo watu wanapokwama. Bati la risasi la milimita 2 lina uzito wa karibu kilo 23 kwa mita ya mraba. Mlango wa mita 1.5 kwa 2.1 unaongezeka zaidi ya kilo 70 juu ya uzito wa mbao zake. Bawaba za dukani zitachanika na fremu ya mbao itajipinda. Kwa hiyo ukiandika mlango wa risasi, andika na fremu ya chuma, bawaba za uzito huo, na risasi inayoendelea nyuma ya fremu hadi iungane na kinga ya ukuta. Nimekuta mlango wenye risasi safi kabisa uliofungwa kwenye fremu yenye pengo la kidole kila upande, na mionzi haihitaji zaidi ya pengo hilo. Ongeza kioo cha risasi cha mtumishi, taa nyekundu ya tahadhari juu ya mlango, na waya wa umeme wa kipenyo atakachosema mwenye mashine. Waya mwembamba au mrefu sana unafanya picha zinakuwa hafifu na watu wanalaumu mashine.

Oksijeni sasa. Jembe amesema vizuri hapo juu. Mabomba ni ya shaba yaliyosafishwa mafuta kiwandani, yanakuja yamezibwa ncha. Oksijeni yenye msukumo ikikutana na grisi inawaka. Maungo yanachomelewa kwa waya wenye madini ya fedha huku naitrojeni ikipita ndani ya bomba, ili masizi yasibaki humo na kuja kumfikia mtoto njiti. Kwa hiyo kwenye BOQ yako ziwemo mita kwa kila kipenyo, vituo vya kutolea hewa kwa idadi, masanduku ya vali kwa kila wodi ili sehemu moja ifungwe bila kuzima zote, kengele za tahadhari mahali ambapo muuguzi anakaa usiku na mchana, na mitungi ya akiba inayoingia yenyewe mtambo ukizima. Mtambo unaochuja oksijeni kutoka hewani unatoa usafi wa karibu asilimia 93 na unakula umeme mwingi, kwa hiyo uliza jenereta inaubeba au haiubebi. Mitambo ya aina hii iliongezeka sana baada ya UVIKO-19, na nimeshuhudia uliokaa bila kuwashwa kwa kuwa transfoma ya hospitali haikuwa na nafasi.

Majaribio yawe na mstari wake na fedha yake: msukumo, uvujaji, usafi wa hewa, na jaribio la kuhakikisha kituo kilichoandikwa oksijeni kinatoa oksijeni. Hili la mwisho lisifanywe na fundi aliyefunga peke yake. Awepo mtu wa hospitali, na asaini.

---

QS_Kisauni amejibu:

Hamjambo ndugu zangu wa bara na visiwani. Niko Mombasa, ni mkadiriaji pia.

Alilosema Bi Vipimo kuhusu mpaka wa jengo na kifaa, sisi Kenya tulilipia nchi nzima. Mwaka 2015 serikali ya kitaifa iliingia mpango wa kukodi vifaa kwa hospitali 98, mbili kwa kila kaunti na nne za kitaifa. Kulikuwa na vifaa vya upasuaji, vya kusafisha figo, vya ICU (wagonjwa mahututi), vya eksirei. Ada ya kila kaunti ilianza shilingi milioni 95 kwa mwaka, baadaye ikafika milioni 200. Kamati maalumu ya Seneti ilipochunguza, ripoti yake ya mwaka 2020 ilionyesha vifaa vilivyokaa bure kwa kukosa vyumba, umeme, maji au wataalamu, na ada iliendelea kutozwa.

Mimi nilipata kazi ya kupima chumba cha kuingiza vifaa vilivyokuwa vimeshafika. Maboksi yamesimama kwenye korido, mimi natafuta ukuta wa kubomoa ili yapite. Ndugu yangu, muulize msambazaji ukubwa wa boksi, si wa mashine peke yake, na njia yake kutoka lori hadi chumbani. Uwazi wa kuingizia uachwe ukutani na uzibwe baadaye. Kuziba kwenyewe kuwe kwenye BOQ.

---

Mpimaji_Nyanda ameandika:

Wakubwa, sijui niwashukuru vipi. Nimechapisha uzi huu wote nikampelekea bosi, akausoma akiwa amesimama, kisha akaniambia niandike barua ya kuomba orodha ya vifaa. Mganga mfawidhi amejibu kwamba wanayo ya zamani na wataipitia upya pamoja na matroni. Hesabu ya mionzi tumeshaiomba.

Ila kikao cha wafadhili hakisogei, na orodha haitakuwa imekamilika. Niwape namba moja au niwape kiwango cha chini na cha juu? Na Bi Vipimo, la fani hukunijibu.

---

Bi_Vipimo amejibu:

Wape kiwango, na chini ya kiwango hicho andika kila kitu ambacho hukukihesabu. Ukurasa huo wa visivyohesabiwa ni muhimu kama namba yenyewe, kwa sababu mfadhili akipewa namba moja ataishika, na mwaka wa pili ataambiwa umeiongeza. Oksijeni na mitambo ya hewa ya upasuaji iweke kama PS, yaani kiasi kinachotengwa kwa makisio mpaka michoro ikamilike, lakini kila kimoja na chake, usivirundike pamoja. Fedha ya tahadhari iwe mstari peke yake, VAT ya asilimia 18 mstari peke yake. Vifaa vya kundi la tatu viwe kwenye jedwali la pembeni lenye jina la atakayelipa, hata kama kwa sasa hajulikani. Acha nafasi tupu, nafasi hiyo itawafanya waulizane.

Bei za vitu vya kuagiza ziandike kwa fedha ya kigeni na tarehe ya ankara kifani. Dola ilikuwa kama shilingi 2,300 mwaka 2022, mwaka 2024 ikapita 2,600. Aliyekadiria mtambo wa oksijeni kwa bei ya kwanza akalipa kwa ya pili, mita kadhaa za njia yenye paa zilipotea hapo hapo.

Kuhusu fani. Baki huku, mwanangu, kama moyo wako unaweza kukaa na maelezo madogo madogo kwa muda mrefu. Wakadiriaji wanaoijua hospitali kwa ndani ni wachache, na majengo haya hayaishi kujengwa: mwaka wa fedha 2018/19 peke yake zilianza hospitali za halmashauri 67, na kila moja inaongezwa wodi, inakarabatiwa, inabadilishiwa mashine. Shule utaijenga uondoke. Hospitali itakuita tena. Kamilisha usajili wako AQRB, bodi ya usajili wa wasanifu na wakadiriaji majenzi, kwa Sheria ile ya mwaka 2010 usiendelee kufanya kazi chini ya muhuri wa mwingine, omba kukaa saiti wakati mabomba yanachomelewa na wakati TAEC wanakuja kukagua, na vikao vya kukabidhi jengo usivikose hata kama ofisi haikulipi kuvihudhuria. Bei za kujifunzia ni zile za hesabu za mwisho za mradi, baada ya nyongeza zote, siyo za zabuni. Ziombe kwa kila mradi unaomalizika ofisini kwenu, zigawe chumba kwa chumba, uziweke. Ndiyo bei zako za mita ya mraba, na hakuna kitabu kinachoziuza.

Ukipata hesabu ya mionzi weka hapa unene wa risasi na ukubwa wa mlango, mimi na Fundi tutakuangalizia bawaba.

---

Fundi_Vifaa_Tiba amejibu:

Na uweke picha ya sahani ya transfoma yao, ile yenye kVA, yaani ukubwa wa umeme inaoubeba. Tuanzie hapo kabla hujaandika PS ya oksijeni.